Helmeti Nyekundu ya Kuinamia

Jumatatu, 6 Januari 1997

Hili sijamwambia mtu. Sikuchagua helmeti nyekundu kwa sababu ni imara, wala kwa sababu inanikaa vizuri. Niliichagua kwa sababu inaficha uso wote. Ukishusha kioo chake cheusi, hakuna anayejua kama ndani mna msichana au mna boga.

Nimeosha pikipiki kabla ya chai, kama kila asubuhi tangu Krismasi. Shangazi Rosa ananifundisha. Yeye ndiye anayezunguka na pikipiki ya mradi wa maji, kutoka hapa Migori hadi Masara na Macalder, akikagua pampu za visima. Mwezi ujao anahamia ofisi ya Homa Bay. Anataka mimi nishike nafasi yake. Sijui kwa nini mimi. Nimemaliza shule, matokeo hayajatoka, na katika miaka yote ya masomo sikuwahi kuinua mkono darasani.

Ijumaa tulikwenda stoo ya mradi huko Homa Bay nikachague helmeti. Zilikuwa tatu. Moja nyeupe, imekwaruzwa, iko wazi mbele, uso wote nje. Nyingine ina ukingo mrefu kama mdomo wa bata. Ya tatu ni hii nyekundu inayong'aa. Iliachwa na kijana Mzungu aliyependa mashindano ya pikipiki. Shangazi akasema, "Toka nje, kaa kwa pikipiki, ndipo uvae. Helmeti inafuata mkao." Lakini nje mtunza stoo na wenzake walikuwa wakinywa soda. Sikutoka. Niliijaribu pale pale mbele ya dirisha, nimesimama, kichwa kimeinama kama kawaida yangu.

Niliona vizuri kabisa.

Jumatano, 8 Januari

Leo nimejua. Helmeti hii ilitengenezwa kwa mtu anayelala juu ya tangi na kukimbiza pikipiki kwenye lami. Ukiinama, unaona mbele. Ukikaa wima kama watu, unaona mbingu.

Nimeona mbingu nyingi. Nimeona na mwewe. Sikuona mbuzi.

Mbuzi ni mzima. Goti langu limechubuka.

Alhamisi, 9 Januari

Nimepata dawa. Ninainama. Ninalaza kifua juu ya tangi, viwiko nje, gauni nimelikunja juu ya suruali kama Shangazi anavyofanya, na barabara yote naiona. Tatizo ni mwendo. Sijaruhusiwa kupita gia ya pili. Kwa hiyo nalala kama bingwa wa dunia huku baiskeli zikinipita. Mwanamume mmoja aliyebeba gunia la mihogo alipunguza mwendo kando yangu akauliza kama nimeugua, anipeleke hospitali.

Mgongo unauma. Shingo zaidi. Nina furaha. Hakuna aliyenitambua.

Jumatatu, 13 Januari

Siku mbaya.

Shangazi alikuwa na mkutano mjini. Akanituma Masara peke yangu, nibadilishe ngozi ya ndani ya pampu iliyochakaa. Maagizo yalikuwa rahisi: mtafute Mama Dorka, mwenyekiti wa kisima, ndiye mwenye ufunguo wa pampu. Anauweka kifuani.

Wachimbaji dhahabu waliacha karai zao na kusimama kunitazama. Nikazidi kujilaza.

Mama Dorka nilimkuta njiani na beseni kichwani. Nilimjua. Aliinua mkono kunisalimu. Nikiachia usukani naanguka. Nikisema, sauti inabaki ndani ya helmeti. Nilitaka angalau kuinamisha kichwa kwa heshima, lakini kilikuwa kimeinama tayari. Nikampita.

Nilipofika kisimani nilikuta wanawake wengi, wote wamenigeukia. Nikageuza pikipiki. Nikampita Mama Dorka mara ya pili. Safari hii hakuinua mkono.

Nimemwambia Shangazi kwamba sikupata ufunguo. Ni kweli, sikuupata.

Jumanne, 14 Januari

Habari zilifika soko la Migori kabla ya samaki. Shangazi alizisikia kwa mwanamke anayemuuzia mbuta.

Huku kwetu yuko mtu anayeitwa jajuok. Hukimbia usiku, hugonga milango ya watu, hutoweka. Hasalimu na haonyeshi uso, ndivyo anavyojulikana. Sasa Masara wanasema wamepata jajuok wa mchana. Ana injini.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Ulimpita Mama Dorka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bila salamu? Mara mbili? Wewe mtoto! Hata kuku akimpita yule mama bila salamu, anaulizwa ni wa boma gani!"

Ninaona haya hadi kwenye kucha.

Alhamisi, 16 Januari

Tulikwenda Masara pamoja na Shangazi kutengeneza mambo. Hayakutengenezeka. Shangazi aliongea, akasifia ng'ombe wa Mama Dorka, akauliza habari za wajukuu kwa majina. Mimi nilisimama kando ya pikipiki nimevaa helmeti. Ningeweza kuivua. Mikono ilikataa.

Mama Dorka alisema, "Rosa, wewe nakupa ufunguo. Hicho kitu chako hakina uso. Siwezi kukipa kitu ufunguo." Shangazi akafunga ngozi mpya mwenyewe. Ile ya mwisho iliyobaki itafungwa kwenye kisima cha pili, pia cha Mama Dorka, na itakuwa kazi yangu.

Kwa sababu Jumatano anakuja Bwana Otiende, msimamizi wa mradi kutoka Homa Bay. Atakaa pale pale kisimani aone ninavyofanya kazi. Asiporidhika atamtafuta mtu mwingine, nami nitakwenda Rusinga kwa mke wa kaka yangu, nianike omena, dagaa wa ziwani, na kuziuza. Omena hazina ubaya. Lakini utasimama sokoni kutwa ukiita wateja, na sokoni hakuna helmeti.

Kazi ya visima naitaka. Nimeandika. Naitaka sana. Pampu nikiifungua naielewa, na haiulizi kwa nini siongei.

Jumamosi, 18 Januari

Sabato. Kanisani mzee mmoja aliuliza kwa nini natembea nimepinda. Nikasema ni mgongo. Wameniombea mgongo.

Jumapili, 19 Januari

Shangazi ameleta ile helmeti nyeupe. Ameiweka mezani kati ya sukari na chai.

Alipokwenda kisimani niliichukua. Nyuma ya jiko nikakaa juu ya pikipiki, mgongo wima, nikaivaa. Niliona gurudumu la mbele. Sikuwahi kuliona nikiwa nimekaa. Niliona mfuniko wa tangi, mawe, kuku wa jirani. Shingo haikuuma. Ilinikaa kama iliyopimwa.

Kisha jirani akatokea kwenye ua akaniona uso. Akatabasamu. Hakufanya kosa lolote, alitabasamu tu.

Nikaivua, nikairudisha kati ya sukari na chai.

Jioni nimesukwa nywele, nene, mpya, kwa ajili ya Bwana Otiende. Sijui kwa nini. Hataziona.

Jumatano, 22 Januari

Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Asubuhi helmeti nyekundu iliingia kwa shida juu ya nywele mpya. Nilisukuma kwa mikono yote miwili. Nikajisemea ni heri, haitachezacheza njiani. Nilikuwa nimeamua: nikifika nazima injini, navua, nasalimu. Nilirudia salamu njia nzima nikiwa nimelala juu ya tangi.

Nilikuta kamati yote ya kisima imeketi. Bwana Otiende yupo, amekuja na Shangazi kwa gari la ofisi, viatu vinang'aa. Nikazima injini. Nikashika helmeti, nikavuta.

Haikutoka.

Nikavuta tena. Shingo ilirefuka, helmeti ikabaki palepale.

Bwana Otiende alikuwa ameanza kutoa salamu za ofisi. Alinyamaza. Mama Dorka akasimama. "Si mnaona? Haivuliwi. Hicho ndicho kichwa chenyewe!" Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akambeba mtoto wake. Shangazi alikuwa anakuja, lakini mimi niliona ule mduara ukipanuka, nikaona kazi inaondoka nao, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikapiga kelele kwa Kijaluo, kelele ya kweli, kwamba imekwama, mama, nisaidieni, masikio yanakatika.

Mama Dorka alikuja akainua kioo, akachungulia kama anayeangalia nyungu. Akakuta macho yangu, yamejaa machozi.

"Uuuwi! Kumbe ni mtoto wa watu!"

Basi. Alizaliwa Rusinga huyu mama, amevuta nyavu tangu utoto, akaamuru kama yuko ufuoni. Mafuta ya kupikia yakaletwa, yakamiminwa ndani kupitia shingoni. Mmoja akashika helmeti. Mmoja akanishika kiuno. Mwingine akamshika kiuno yule wa kiuno. Shangazi alikuwa wa mwisho, anacheka, hana nguvu, hakusaidia kitu. Bwana Otiende aliambiwa ashike pikipiki, naye akaishika. "Si kwa hasira, kwa wimbo!" Mama Dorka akatunga hapo hapo: toka kobe, toka nyumbani, mvua imekwisha. Wakaitikia. Wakavuta.

Ilitoka ghafla. Wote tukaanguka. Mama Dorka alikuwa chini, miguu imenyooka mbele, helmeti imo mapajani.

Nami nimekaa mavumbini. Mafuta hadi kidevuni. Nusu ya nywele imefumuka. Watu wote wa Masara wananitazama usoni. Nilingoja nife. Sikufa. Jambo nililoliogopa maisha yangu yote lilikuwa limekwisha kutokea, na sasa ilikuwa saa ya kusalimu tu.

Nikainuka nikamwendea Mama Dorka, nikampa mikono miwili. "Oyawore, mama." Nikauliza habari za boma, za wajukuu, za ng'ombe. Nikasema nilimpita njiani mara mbili na sikuwa na adabu. Kisha nikaenda kwa wa pili. Kisha wa tatu. Nilisalimu kamati yote mmoja mmoja, na yule mtoto aliyebebwa. Sauti ilitetemeka. Hawakujali. Bwana Otiende alitazama saa yake.

"Ngoja, baba," Mama Dorka akamwambia. "Anasalimu."

Nilipomaliza alitia mkono kifuani akatoa ufunguo. Bwana Otiende akanyoosha mkono kuupokea. Ufunguo ukampita, ukaja kwangu.

"Shika, nyathina. Meno mazuri hivyo unafungia kwa sufuria?"

Nyathina ni mwanangu.

Ngozi nimeifunga mwenyewe. Mikono ilikuwa na mafuta, spana ikaniponyoka mara kadhaa, lakini nimeifunga. Maji yalitoka kwanza mekundu, kisha safi. Bwana Otiende aliniuliza ningejuaje kama ngozi imechakaa. Nikavijibu viatu vyake. Nikavijibu sawasawa. Alimwambia Shangazi kwamba kazi naiweza, lakini akiniona tena nimelala kwenye pikipiki ya mradi atanipa kitanda.

Shangazi alifungua mlango wa gari akatoa helmeti nyeupe. Alikuwa amekuja nayo. Nikaivaa nikiwa nimekaa. Nimerudi Migori wima.

Njiani watu waliniona uso. Wengi tu.

Alhamisi, 23 Januari

Kazi ni yangu. Masikio yanauma. Nimeosha nywele kwa sabuni ya kufulia na bado zinanukia chapati.

Ile nyekundu Mama Dorka aliiomba. Nasikia kuku wake ameshataga ndani.

Jumatatu, 27 Januari

Shangazi anafunga mizigo ya Homa Bay. Nimekwenda Macalder peke yangu. Hakuna lililoharibika.

Kabla ya kufika kuna kipande kirefu kisicho na nyumba, mashamba makavu tu na vumbi. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara polepole, hawana mchungaji karibu. Nikasimama kuwapisha. Jua halikuwa kali bado. Upepo ulinipiga mashavuni. Nilijua pale mbele kuna kamati nyingine, watu nisiowajua, na moyo ulikuwa umeanza mbio zake.

Kwa hiyo nikaanza nao. Oyawore, nikawaambia, kwa sauti, mmoja mmoja kadiri walivyopita. Habari za boma? Habari za ndama? Yule dume wa mwisho alisimama akanitazama muda mrefu, kisha akaenda zake.

Kule kisimani sauti haikutetemeka sana.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, hili la ng'ombe lisitoke. Kamati ya Macalder wanadhani nimezaliwa hivi.