Waya wa Kusikilizia

Jumanne, 7 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sikio kwenye kidude cha kusikilizia, kalamu mkononi. Misheni ya Yanonge iko hewani, inaongea na Isangi: dawa za watoto, mafuta ya jenereta, padri mwenye malaria. Sauti nyembamba lakini nzima. Mara ikakatika katikati ya neno. Nikadhani betri. Si betri. Nje nikakuta waya umekatika, ncha inaning'inia juu ya bati la choo.

Waya huo niliufumua kutoka kwenye transfoma iliyoungua. Mita kumi upande wa mwavokado, mita kumi upande wa mwanzi niliousimika karibu na ukuta wa jirani mchomea vyuma. Katikati kebo ya televisheni ya zamani inashuka hadi dirishani. Vishikizo ni shingo za chupa za plastiki. Redio yenyewe ni transista tano nilizozing'oa kwenye redio-kaseti mbovu, na betri ya pikipiki. Watu wakiiona wanauliza iko wapi redio.

Zamani nilikuwa mtu wa phonie, ile redio ya kuitana, kwenye nyumba ya biashara ya mtoni. Nilisema na kusikia, siku nzima, hadi Basoko. Simu zikaja, wakaifunga phonie, wakanipa mkono wa kwaheri. Siku hizi ninasikia tu. Mashine ya kusemea sina.

Mkato nimeusokota kwa koleo. Ilipasa niuchomee risasi ya kuyeyushwa. Umeme hakuna, na jiko la makaa dada yangu Honorine amelikalia na pondu yake, mboga ya majani ya muhogo. Nitachomea kesho. Nimechoka. Sikufanya kazi yoyote ya kuchosha.

Mama Katungu amepita kuuliza mto unasema nini. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Butembo, anauza maharage na chumvi kwenye barabara kubwa. Mume wake, Kambale Jean-Pierre, ameshuka Isangi kutafuta mchele. Anapanda kurudi wiki hii. Simu za Yanonge zimekufa tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kila asubuhi anakuja kwangu. Hanicheki. Wengine wananicheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikuchomea. Jana mvua. Leo magoti.

Mchana upepo mkubwa sana kutoka mtoni. Shuka za Honorine zilifika kwa wachomea vyuma. Amenilaumu mimi, kwa sababu waya wangu haukuanguka na kamba yake imeanguka. Nikajisifu kimoyomoyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baleinière imepinduka. Jana, kwenye upepo ule ule, chini kidogo ya Yanonge. Mashua ndefu ya mbao, injini moja, mchele hadi juu, watu wamekaa juu ya magunia. Habari imeletwa na wavuvi waliopanda kwa pirogue, mtumbwi wao, usiku kucha. Hawajui majina. Wanajua tu kwamba ilitoka Isangi.

Mama Katungu ameshinda ukingoni Makiso, mashua zinapofikia, pamoja na wanawake wengine. Wameambiwa orodha itakuja. Itakuja na nini, hakuna aliyesema.

Mimi nimekaa na redio asubuhi na jioni. Jirani anachomea milango ya chuma kwa jenereta yake. Kila akigusa chuma sikio langu linajaa mchanga, mkwaruzo mtupu. Nimesikia Yanonge mara moja, neno "blanketi", basi.

Nani mwingine mjini hapa anasikiliza phonie? Nimejiuliza jambo hili siku nzima. Sijapata mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimesikia!

Sista wa Yanonge alikuwa akimsomea mwenzake wa Isangi majina ya waliookolewa na kulala misheni. Anasoma taratibu, anajua kusoma kwenye phonie. Nilikuwa naandika. Upepo ulikuwa unatikisa waya, sauti inakuja na kwenda kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Wanawake wawili wa Yaekela. Mtoto na bibi yake. Kisha: Kambale Jean. Kisha mchanga. Kisha mwanamke mwingine, kisha hakuna kitu.

Sikuvaa hata viatu. Mama Katungu alikuwa anafunga kilemba kwenda tena ukingoni. Nikamwambia, "Mama, papa iko muzima. Iko misheni Yanonge."

Alikaa chini pale mlangoni, kwenye vumbi, na kitenge chake safi. Akaniuliza, "Ulisikia jina yake?"

Nikasema ndiyo.

Akanishika mikono yote miwili, akaita watoto, watatu, wakaja mbio na vifutio vya shule mdomoni. Mchana ametuletea samaki na kwanga ya muhogo na ndizi za kukaanga. Majirani walikuja kuiona redio. Yule mchomea vyuma pia alikuja, akasema kumbe kitu hiki kinafanya kazi.

Miaka mingi sijajisikia mtu hivi.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama Katungu ametoa shukrani kwenye misa. Padri amelitaja jina la mume wake mbele ya watu wote. Kanisa lote limepiga makofi. Nilikuwa benchi la tatu kutoka nyuma. Nilipiga makofi.

Baada ya misa nimefungua daftari langu. Sijui kwa nini. Nimeandika kwa mkono wangu: "Kambale Jean", kisha nukta tatu.

Nukta tatu. Sikuandika Pierre.

Nikajaribu kukumbuka sauti ya sista. Nikifunga macho nasikia "Jean-Pierre" safi kabisa. Nikifungua daftari haipo. Na Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Kila nyumba ya Butembo ina Kambale wake. Hili nalijua tangu nilipokuwa kijana wa phonie. Tulikuwa tunarudisha jina mara tatu kabla ya kuandika. "Rudia, rudia, nimepata hivi, sahihisha." Lakini nilikuwa na mashine ya kusemea. Sasa nimwombe nani arudie?

Ningeweza kumwambia jana: nimesikia Kambale Jean, sikupata mwisho. Maneno machache tu. Sikuyasema.

Mchana nimeushusha waya. Pale nilipousokota pamekuwa pa kijani na panacheza. Upepo ukigusa, sauti inapotea. Nimeweka chuma cha kuchomea kwenye makaa, nimesugua shaba kwa kisu, nimechomea risasi. Dakika kumi. Kazi ya dakika kumi imenishinda siku tano. Kisha nimeung'oa mwanzi ule wa karibu na jirani, nimeupeleka upande wa pili wa uwanja, na kuinua waya kadiri mikono ilivyoweza. Honorine alishika ngazi. Hakuuliza. Ananijua.

Jumapili misheni hawaongei. Nimesubiri hata hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Imekuja safi. Kama yuko chumbani.

Sista amesoma upya orodha yote, kwa sababu Isangi nao hawakuipata vizuri siku ile. Walio hai kwanza. Kambale Jean-Bosco, dereva wa mtaa wa Mangobo, mguu umevunjika.

Halafu akasoma waliotolewa majini. Wa nne: Kambale Jean-Pierre, mfanyabiashara, mtaa wetu wa Kabondo, amevaa pete, kadi ya uchaguzi mfukoni.

Akarudia. Wa Isangi akarudisha jina lote, herufi kwa herufi. Sikuwa na pa kukosea tena.

Nilikaa. Nilizima betri. Nikafikiri: mwili utapandishwa, watu watamwambia, si lazima niwe mimi. Nilifikiri hivyo kweli na ninaandika hivyo hapa. Nikaenda.

Alikuwa amefua mashati ya mume wake, ameyatundika manne. Alifurahi kuniona.

"Papa Augustin, anafika leo?"

"Mama, ukae kwanza."

"Nitakaa ya nini? Sema tu."

"Ile jina ya Samedi, siku nilikuja mbio, sikuisikia yote. Niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"Pierre. Walisema Jean. Pierre, ni mimi niliongeza."

Alikuwa ameshika kibanio cha nguo. Alikitazama.

"Na leo?"

"Leo walisema Pierre."

"Kwa upande gani?"

Nilivua kofia. Aliyaanua mashati yale manne, moja moja, yakiwa bado mabichi, akayakunja vizuri, akaingia nayo ndani. Nilikuwa bado nimesimama uani kilio kilipoanza.

Jumanne, 14 Oktoba

Pirogue ya injini imeipandisha miili saa tisa mchana. Sikwenda ukingoni. Honorine amekwenda. Amerudi, ameosha miguu, amesema "Ndiye," akaingia kulala.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumemzika jana. Nilikaa matanga na wanaume, kiti cha plastiki, mbali. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyesogeza kiti karibu na changu pia.

Mdogo wake Mama Katungu, Paluku, amefika kutoka Butembo kwa pikipiki, siku tatu barabarani, tope hadi masikioni. Alinitafuta baada ya makaburi.

"Ni weye redio?"

"Ni mimi."

"Dada yangu alitoa shukrani kanisani. Unajua? Watoto walicheza ngoma hapa. Baba yao alikuwa amelala kwenye tope, bana yake wanacheza ngoma. Siku mbili ulituzuiya kulia."

Alisema bila kelele. Ningependa angepiga kelele. Nilimwambia ananiambia kweli.

Leo asubuhi nimeushusha waya wote. Nimeuviringa kwenye kipande cha ubao. Redio nimeitia kwenye ndoo ya mchele, na kifuniko juu. Honorine amefunga kamba yake kwenye mwavokado. Shuka zimekauka vizuri.

Jumatano, 22 Oktoba

Naamka saa kumi na mbili bila sababu. Nakaa kwenye kiti. Dirisha lina tundu la kebo na hakuna kebo.

Mtu wa Mangobo, mke wa yule Jean-Bosco, amekuja kuniuliza kama ni mimi nilisikia jina la mume wake. Kumbe kwao walilia siku nne nzima. Walikuwa wameshatoa vitanda nje kwa matanga. Mimi nilikuwa nalo jina lake kwenye daftari tangu Jumamosi; nililipeleka nyumba nyingine. Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa namfikiria Mama Katungu tu, na mimi mwenyewe.

Hakuja kugombana. Mume wake yuko hospitali, anakula. Alitaka kujua tu ilikuwaje. Nilimweleza. Akasema, "Bon," akaondoka.

Nimechoka hadi kwenye meno.

Jumatano, 29 Oktoba

Mama Katungu amekuja. Mara ya kwanza tangu mazishi. Nguo nyeusi, ndala, amekonda. Honorine alimwekea kiti, akamletea chai, akajitafutia kazi jikoni.

Alikunywa nusu kikombe. Akatazama juu, kwenye mwavokado.

"Waya iko wapi?"

Nikamwambia nimeushusha.

"Nani alikuambia ushushe?"

Hakuna aliyeniambia. Alitikisa kichwa, kama anavyowatikisia watoto wake. Akasema mchele wa mume wake, ule ambao haukupakiwa, bado uko Isangi kwa mtu. Paluku anashuka kesho kuuleta. Kwa baleinière. Hakuna njia nyingine. Simu za Yanonge bado zimekufa.

Nilimwambia mimi siwezi tena. Nikamwambia kwamba nikisikia vibaya mara ya pili nitakufa.

"Papa Augustin, sikukuja kukusamehe. Hiyo bado. Nakuja juu ya Paluku." Aliweka kikombe chini. "Ukisikia yote, uniletee yote. Ukisikia nusu, uniletee nusu. Lakini useme: mama, hii ni nusu. Donc mimi nitajua namna ya kuibeba."

Nilichukua daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikampa kalamu. Nikamwomba aniandikie jina la mdogo wake, lote, kama lilivyo kwenye kadi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akalisoma tena kabla ya kunirudishia.

PALUKU MUHASA ÉTIENNE.

Tumeupandisha waya kabla ya mvua. Yeye alishika ngazi.