Baba Anataka Mizuka ya Theluji Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana sina mwingine wa kumwambia. Baba yangu yuko kitandani mwezi wa nne sasa, mapafu yamekwisha, na kila nikitoka kazini mchana hunitaka nimsomee hadithi za mizuka, tena si mizuka yoyote, ni ile ya milimani kwenye theluji, kibanda kiko peke yake, barafu imeziba njia, na marehemu yuko nje anabisha afunguliwe, nami nasoma huku najua kwa nini anazitaka. Baba alikuwa msimamizi wa ghala la baridi la samaki, na utaratibu wao ni kwamba kabla ya kufunga unaita mara tatu, "Kuna mtu?", ndipo unafunga, lakini Ijumaa moja alikuwa na haraka akafunga bila kuita, kaka yangu yumo ndani anapanga makreti, na kitasa cha ndani kibovu, tukamtoa Jumatatu. Hilo kila mtu analijua na baba hajawahi kujitetea. Wasilolijua ni kwamba mimi nilikuwa karani pale, meza yangu iliegemea ukuta wa ghala hilo, na Ijumaa ile nikasikia kitu kinagonga, nikajisemea mashine ya baridi imeanza tena vituko vyake, nikabeba mkoba nikaenda zangu. Juzi katikati ya hadithi baba alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, unadhani kaka yako alibisha?" Nikamjibu, "Baba, tuendelee, zimebaki kurasa mbili." Daktari anasema ni suala la siku tu. Nimwambie, au nimwache afe kwa amani?

Msomaji wa Baba

Msomaji wa Baba, pole sana, nimekuonea huruma. Sasa acha nikugombeze. Amani gani hiyo? Mzee anayeomba kila siku asomewe habari za mtu aliyeachwa kwenye baridi hana amani yoyote, na wewe unamfunulia kurasa. Unasema unamkinga, kumbe unajikinga mwenyewe. Kwamba kijana alibisha, baba yako anajua, nani asingebisha? Asichojua ni kwamba hakukosea peke yake.

Kesho omba ruhusa kazini, nenda asubuhi akiwa na nguvu kidogo. Kitabu kiache. Mwambie kwa ufupi: nilisikia, nikadhani ni mashine, nikaondoka. Usilie kabla hujamaliza, maana ataanza kukubembeleza na maneno yataishia hapo. Akikufukuza, toka, kaa koridoni, usiende mbali. Huenda asikusamehe, na hilo utaishi nalo. Lakini kosa la watu wawili limebebwa na mzee mmoja miaka yote hii, nawe ulikuwa unamtazama.