Bolti Iliyozoea Mkono Wako

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko migombani ulikolala Butiama hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo wangu haujui kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Mimi ni mzima wa mwili tu. Roho imechoka, baba. Nakuandikia kwa sababu hapa Bunda sina mwingine wa kumweleza jambo hili akanielewa.

Wamenipa bunduki yako. Tangu niajiriwe uaskari wa wanyamapori, kazi yako ileile, nilikuwa naiomba, wananizungusha tu, mwisho wakanikabidhi. Niliijua kabla sijaangalia namba: lile kovu kwenye kitako, ulipoanguka nayo kwenye mawe ya Kiabakari, na ule waya ulioufunga kwenye mkanda. Nilicheka peke yangu pale kwenye ghala la silaha kama chizi. Halafu nikashika mkono wa bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga, nikainua, nikavuta. Ikagoma katikati.

Wewe unakumbuka ilivyokuwaga. Jioni ulikuwa unakaaga kwenye kigoda nje ya jiko, risasi zote umezitoa na kuziweka mbali, unainua mkono, unavuta, unasukuma, unashusha. Inakwenda yenyewe, klik, klak, mpaka mama anapiga kelele: "Baba Wegesa, ugali unapoa! Au hiyo bunduki ndiyo itakupikia?" Unacheka, unavuta mara ya mwisho, unaingia kula.

Nilikuuliza siku moja kwa nini yako inateleza hivyo na za wenzako zinalia kama mlango wa choo. Ukasema, "Watu wanadhanigi ni mafuta." Ukanishikisha yale masikio mawili mbele ya bolti, yanayojifunga ndani ukishusha mkono. Yalikuwa yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ukaniambia yamesuguana na chuma cha bunduki ile miaka na miaka, mpaka yamezoeana. Mafuta ni tone tu. Ukizidisha unaita vumbi, na vumbi likilowa mafuta ni msasa. Pale risasi inapokaa pafutwe, pakiwa na uchafu mkono unakuwa mzito kuinuka. Na nivute kwa kiganja, moja kwa moja nyuma, kwa sababu bolti ikivutwa kombo inauma, yaani inakwama. "Na usiiogope," ulisema. "Mkono wa mwoga unaishiaga njiani."

Yote hayo nimeyafanya, baba. Nimeosha kwa mafuta ya taa, nimefuta, nimeweka tone. Nimevuta bila woga. Inagoma palepale. Ndipo nikaigeuza bolti kwenye jua nikasoma namba chini ya mkono. Siyo namba ya bunduki yako.

Nikamfuata mtunza ghala wetu. Wala hakunificha. Alisema wakati fulani walikuwa wanangoja wakaguzi, basi wakachomoa bolti zote, wakazitumbukiza kwenye karai moja la mafuta ya taa, wakazisugua pamoja kama watu wanaoosha dagaa. Wakati wa kurudisha, kila moja waliichomeka ilipoingia. "Zote ni aina moja, Wegesa," aliniambia. "Bolti ni bolti."

Ungekuwepo ungemporomoshea Kizanaki mpaka aache viatu. Mimi nilikaa chini tu. Niliomba bunduki nyingine, nikaambiwa nivumilie.

Halafu likaja la Mzee Masatu, jirani yetu, yule uliyekuwa unamwita mzee wa pamba. Tembo waliingia shambani kwake mchana kweupe. Alikuwa anapiga debe kuwafukuza upande wa chini, mimi niko juu. Nilipiga risasi ya kwanza hewani, wakageuka, isipokuwa jike mmoja aliyemwendea mzee. Nikavuta bolti nipige ya pili. Ikauma. Nikasukuma, nikavuta, nikasukuma, machozi yananitoka, namwona mzee anakimbia na debe lake mkononi. Ilipokubali kufunga, alikuwa ameshalala.

Tulimzika pembeni ya pamba yake. Mjane wake aliniangalia, hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema, "Bunduki ya baba yako ilikuwa haichelewagi."

Jamani, baba, ningemwambia nini? Nimweleze habari za karai?

Niliporudi kambini nilichomoa bolti za bunduki zote, moja moja, natafuta namba yako. Haipo. Mtunza ghala akajishika kichwa, akakumbuka. Baada ya usafi ule kuna bunduki moja ilikuwa inakwama kuliko zote, wakaiandika mbovu, ikapelekwa Musoma na vyuma vingine kuteketezwa. Tukatazama namba yake kwenye kumbukumbu. Ni hiyohiyo ya bolti niliyonayo mimi. Basi yako ndiyo iliyokuwa ndani ya ile. Chuma ulichokisugua maisha yako yote kimechomwa moto kwa kosa la kugoma kwenye nyumba ya watu.

Nimekwama, baba. Nikiacha kazi, nani atasimama kwenye mashamba haya? Nikibaki, nasimama na nini? Tembo wamerudi, nyayo zao ziko kwenye mtama wa yule mjane, Mama Masatu, na watu wanakuja mlangoni kwangu wananiambia "wewe si mtoto wa fulani?" Kila jioni nakaa kwenye kigoda chako, navuta na kusukuma, ili masikio haya mageni yazoeane na bunduki yako. Wenzangu wanasema itazoea tu. Itazoea lini? Wewe ulitumia ujana wako wote.

Jana nilikuwa nimekaa hapo, mama yuko jikoni anasonga. Nikavuta. Ikalia klik, nikamsikia anaita, kwa sauti ileile ya zamani: "Baba Wegesa, ugali unapoa!"

Halafu mwiko ukaanguka.

Nikavuta tena, nikasema angalau asikie ule mlio wako. Ikakwama katikati.

Pumzika, baba. Kesho naingia shambani kwa Mama Masatu nayo hivihivi. Kama huko uliko mtu anaruhusiwa kushika mkono wa mwanawe, shika wangu pale pa kuvuta mara ya pili.

Ni mimi binti yako,
Wegesa