Feni Iliyovuma Mama Alipoketi

Nyumbani, chumba cha mbele
14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, ingawa simu zangu tatu hukuzipokea. U mzima? Kifua kimekuachia? Sisi huku tunapumua. Mama anakula nusu sahani, na miguu bado inamvimba.

Nakuandikia kwa ajili ya gari la Baba. Ulimwambia Mama kwamba feni ya hita inajiwasha kwa sababu marehemu hajaridhia mimi kulichukua. Neno lako hilo lilimkosesha kliniki mara nne. Ngazi za basi hazipandi tena, na gari nalo akaligomea. "Siingii. Baba yenu yumo."

Nami sikufichi, niliogopa. Nikiwa peke yangu, feni kimya. Mama akikaa tu pale mbele, vuu, na ufunguo ninao mkononi! Tena inavuma kwa kukwaruza, kama Baba alivyovuta pumzi wiki ile ya mwisho. Wewe hukumsikia. Hukuwapo.

Lakini umeme wa magari sikuurithi. Nimeupata kwa miaka kumi na moja ya kusimama nyuma ya mafundi wakinicheka. Jumamosi moja mchana nikavaa ovaroli. Fyuzi nzima. Swichi ya dashibodi nzima. Nikawasha na kuzima mara ishirini na mbili, feni ikatii kila mara. Nikaitoa fyuzi kabisa, nikambembeleza Mama aketi kidogo tu.

Ikavuma. Bila fyuzi, Kaka! Mama alitoka bila viatu.

Nikaweka mfuko wa mchanga wa kilo ishirini na tano kwenye kile kiti. Kimya. Nikaongeza wa pili, ikavuma. Mama ana kilo hamsini na mbili. Hapo nikang'oa kiti.

Chini yake kulikuwa na nyaya mbili, mmoja kutoka kwenye betri na wa pili kwenda kwenye feni bila kupitia fyuzi, na kati yake swichi ndogo ya taa ya kitandani. Maungio yalifungwa kwa plasta ya kidonda. Nani mwingine hufunga umeme kwa plasta kama si Baba? Ilikuwa imebanduka, springi za kiti zikikandamizwa, nyaya zinagusana.

Nikakumbuka: Baba alikuwa akizima injini nje ya kliniki na kwenda kupanga foleni ya dawa, Mama akimsubiri garini. Kumbe kabla ya kushuka alikuwa akibonyeza ile swichi, joto lililobaki limpulizie Mama miguuni.

Nilimpelekea Mama ile plasta. Akaishika kitambo. "Kumbe alikuwa yeye," akasema. "Mimi nilidhani gari lina huruma."

Nyaya nimezikata. Tangu siku hiyo ameshakwenda kliniki mara tatu, hajakosa. Ila kila akiketi hujiinua kidogo, akakaa tena kwa nguvu, kisha huinamisha kichwa na kusikiliza. Mimi nami siwashi injini mpaka amalize.

Kwa hiyo mpigie. Habari za marehemu ziache, muulize miguu.

Nisalimie Shemeji na wale mapacha. Shangazi anakusalimu, anauliza kama bado una sura. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia ya kurudi Mama angali anaketi mwenyewe.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Mdogo wako, Kibishi