Furaha Alizaliwa Dola Ikiwa Mia Kenda

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitakuficha, sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako. Tangu tukuzike sijawahi kukugombeza hata mara moja. Leo univumilie.

Unaikumbuka meza yako ya kubadilishia pesa pale sokoni Bweremana, yenye mguu mmoja uliofungwa kamba? Wenye samaki walikuwa wakishuka kwenye mitumbwi na kuja moja kwa moja kwako: "Mama, leo dola iko ngapi?" Ulijibu kabla ya kuwatazama. Kambisti wenzako, wabadilishaji pesa wa meza za jirani, waliandika bei kwenye ubao kwa chaki, wewe ukakataa. "Ubao unanyeshewa," ulisema. "Mu kichwa hakunyeshake."

Basi nyumba yetu nzima ikaishi kwa bei ya dola. Mimi nilizaliwa dola ikivuka franka mia tano. Mabati tuliyaweka ikiwa mia nane. Papa alikufa ilipofika elfu moja mia tano. Nilipokuuliza mwaka ulinicheka: "Mwaka inakusaidia nini? Mwaka haibadilishake pesa." Nilicheka na mimi. Nilikuona mwenye akili kuliko walimu wote wa shule.

Na mdogo wangu Furaha je? Nilikuwa mdogo sana, lakini ile siku naiona. Baba mdogo alikuwa amemuuza ng'ombe wake dume, akaja kutoka Muheto na mfuko wa franka ili umpe dola akanunue pikipiki. Uchungu ukakushika katikati ya kuhesabu. Wamama wa samaki wakakuvuta mkono, wewe ukawafokea, "Muniache nimalize, nikiharibu hesabu atasema nimemuibia!" Ulimaliza, ukafunga noti kwa mpira, ukainuka. Furaha alizaliwa kabla soko halijaisha. Miaka yote ulijisifu: "Huyu nilimuzala dola iko mia kenda."

Ulijisifu, Mama, lakini hukwenda kumwandikisha. Ofisi ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwenye meza yako. Nusu saa!

Sasa sikia. Baba mdogo anataka kumwoza. Wakwe wametoka Kashuga, ng'ombe wamekwisha kutajwa, na baba mdogo anaapa kwamba Furaha ametimiza miaka kumi na nane. Furaha ni mrefu, amerithi miguu yako, basi kila mtu anaitikia. Nikauliza karatasi yake ya kuzaliwa iko wapi. Hakuna. Kuna mia kenda yako tu.

Nikatafuta kwenye simu bei za zamani za dola kwa franka. Mstari unapanda, unapanda, ukifika mia kenda na kitu unalala kama ng'ombe aliyeshiba. Miaka na miaka haujiinui! Watu waliifurahia sana miaka ile kwa sababu pesa ilitulia, na mimi nililia juu ya simu kwa sababu ilitulia. Ungemzaa wakati dola inakimbia, ningekuwa na mwezi wake mkononi. Hata hivyo, ukihesabu tangu mwanzo kabisa wa ule mstari uliolala, kumi na nane haifiki.

Jumamosi nilipanda kwenda kwa baba mdogo Muheto na simu yangu. Wakwe walikuwa wamekaa, Furaha anagawa maziwa. Nikawaonyesha. Baba mdogo hakutazama hata.

"Ile njo bei ya Kinshasa," akasema. "Siye huku tulikuwa na yetu. Na wewe ulikuwa mutoto, unajua nini?"

Wazee wakacheka. Mama, wale watu wanakumbuka bei ya kila ndama waliyemuuza tangu ujana wao, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka kitu. Halafu nikasema, "Baba mdogo, pikipiki uliinunua kwa pesa uliyobadilisha siku aliyozaliwa Furaha. Karatasi yake iko wapi?"

Anaiweka ndani ya Biblia, ndani ya plastiki, kila mtu anajua, tangu alipokuwa akiombwa karatasi kwenye vizuizi vya barabarani. Mkewe ndiye aliyeinuka akaileta, bila kumwomba ruhusa. Mzee mmoja wa Kashuga akaisoma tarehe kwa sauti, akahesabu kwa vidole, akarudia. Kumi na tano. Pikipiki ilikufa zamani, kuku wanalala juu yake, lakini ina tarehe. Mtoto wako hana.

Baba mdogo akakuna kichwa. "Basi, miaka tatu haiko mingi. Tutangoja."

Wakwe wakaitikia, na mimi nikapumua, nikajiona nimeshinda. Ndipo Furaha akaweka jagi chini.

"Mutangoja nini?" akauliza. "Kuko muntu aliniuliza kama nataka?"

Alikuwa ananitazama mimi, Mama, siyo wao. Wiki nzima nilibishana na simu, na bei, na wewe uliye kaburini, na sikuwa nimemwuliza hata mimi.

Nilimwuliza njiani tukishuka. Alisema hamtaki yule kijana, wala leo wala baada ya miaka mitatu. Anataka kumaliza shule. Alisema ningemwuliza, angeniambia tangu siku ya kwanza.

Kesho nampeleka ofisini akaandikishwe. Bado nina hasira na wewe, na ninakupenda, na sijui jinsi ya kuvitenganisha. Pumzika, Mama. Safari hii kugombana nao niachie mimi, ila kwanza nitakuwa namsikiliza yeye.

Mimi,
mtoto wako wa kwanza, yaya wa Furaha, ndugu yake mkubwa