Baba, Viazi Visiuzwe Vikiwa Udongoni

Manyatta, Embu

Kwako Baba mpendwa,

Nakusalimu nikitumaini kifua kinakuacha ulale, na baridi ya Kibirichia imepungua. Mguu wa Mama je? Mimi ni mzima, ila nyumba ya Shangazi imepoa. Naandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako maneno hunikwama.

Unazikumbuka zile hisa za kampuni ya kompyuta ya Amerika ambazo dada yako alininunulia nikiwa mdogo, zije ziniingize chuo cha uuguzi. Tangu nimalize shule amekuwa akinionyesha kwenye simu anavyozifanyia opsheni. Kila mwezi mtu asiyemjua humlipa kitu kidogo, naye Shangazi huahidi kwamba bei ikipanda kupita kiwango fulani, mtu huyo atazichukua kwa kiwango hicho. Isipopita, Shangazi hubaki na hisa na malipo pia.

Nikamuuliza, "Si ni kama broka anavyonunua viazi vyetu vikiwa udongoni?"

Akacheka. "Ni hiyo hiyo, we msichana wa Kibirichia! Gunia tu ndilo halipo."

Majuzi kampuni ikatangaza faida kubwa, bei ikaruka. Mimi nilipiga makofi, Baba. Shangazi hakupiga. Alisema, "Nitaongea na huyo mnunuzi aniongeze, kama baba yako anavyomkalisha broka kwa chai." Akatafuta kwenye simu mtu wa kuongea naye, hakumpata. Muda wa ahadi ulipoisha, tuliamka hisa zote zimechukuliwa kwa kile kiwango cha zamani.

"Wa Amerika hata uso hana," akasema. "Chai nimpikie nani?"

Zingebaki, zingenisomesha hadi mwisho. Kilichopatikana hakifiki huko, na nikianza nacho nitaachia njiani. Shangazi hali vizuri, na hanitazami usoni. Simlaumu. Sare yangu ya kidato cha nne ilitoka kwa opsheni hizo hizo.

Sasa Mama ananiambia unataka kumuuzia broka viazi vikiwa bado na maua, ili niingie chuo muhula huu. Tafadhali, Baba, usikubali. Mwaka ule ulipomuuzia hivyo bei ikapanda, alikunywa chai yetu, akakuongeza kidogo, na bado lori likaondoka limejaa. Ulisema neno ni neno, nasi tukanywa uji mpaka mvua. Acha vikomae. Nitangoja, hata ikiwa wenzangu watatangulia.

Msalimie Nyanya, mwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Msalimie kaka Mwenda, asimpeleke broka shambani.

Na akija mwenyewe, mpe chai tu.

Binti yako,
Makena