Rekodi za Mama Mkwe

Jumatano, Munyaka. Mawingu tangu asubuhi, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na hasira niliyo nayo ni juu yangu mwenyewe.

Nilimdanganya mke wangu.

Mama yake alipata kiharusi wiki tatu zilizopita. Kiswahili alichouzia mboga Langas miaka yote hiyo kimepotea, kimebaki Kibukusu cha utotoni. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kwamba ubongo ukiumia, lugha moja inaweza kuzimika na nyingine ikasalia, na wakati mwingine inayosalia ni ile ya kwanza. Taabu ni kwamba Nekesa, mke wangu, alizaliwa na kukulia hapa mjini. Kibukusu chake ni salamu na majina ya vyakula. Mwenye Kibukusu ni mimi, na mimi ni mkwe.

Kwetu mkwe haingii chumba alicholala mama mkwe. Hamtazamani, hamgusani. Basi Nekesa humrekodi mama kwa simu na kunitumia nikiwa dukani, nami namwandikia maana kati ya mteja wa misumari na mteja wa simiti.

Juzi mama alisema: "Huyu mwanamke anayenilisha ni nani? Mwambieni aniitie Nekesa wangu."

Nilisikiliza mara tatu. Nikaandika: Anakushukuru kwa uji.

Nekesa akafurahi, akapika mwingine. Tangu jana asubuhi mama amefunga mdomo. Uji, maji, dawa, vyote anakataa. Leo muuguzi anayemtembelea nyumbani amesema asipomeza kitu kufikia kesho, atarudishwa wodini awekewe mpira wa puani wa kumlishia. Nekesa alinipigia akilia, anauliza amekosea wapi.

Eti yeye ndiye aliyekosea!

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Langas, nyumbani kwa mama. Nikasimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikamwita Nekesa nikamwambia ukweli. Hakunigombeza.

"Sasa nimwambie aje?" akauliza.

Nikamfundisha kusema: mama, ni mimi Nekesa, mtoto wako. Alirudia mara tano, akaingia. Nikamsikia akisema. Nikaanza kuomba.

Kisha sauti ya mama: "Nekesa, ulikuwa wapi?"

Nilimtafsiria kwa kunong'ona dirishani. Akachukua kijiko. Mama alimeza vijiko vinne, nilivihesabu kwa mlio wa kikombe. Halafu dawa. Nikachuchumaa pale pale kwenye matope.

Nilidhani yameisha. Lakini tulipofika nyumbani jioni hii, Nekesa ameweka simu mezani. Rekodi zote za wiki tatu zimo.

"Anza na ya kwanza," amesema. "Niambie vile mama amesema, si vile wewe unataka nisikie."

Nilidanganya katika mbili tu. Ya juzi ameshaijua. Nyingine ndiyo hiyo ya kwanza, niliyomwambia kwamba mama anaomba blanketi. Mama alikuwa anamuaga, anamwelekeza azikwe wapi.

Naandika haya jikoni. Yeye yuko mezani, ananisubiri. Nikitoka hapa nitamwambia ukweli wote, lakini nikishasema ni mbili tu, ataniamini vipi?